Geji Imeangalia Upande wa Dada Yako

Kwa Fundi Mkuu wa Gereji ya Nyuma ya Kituo cha Mafuta, ambaye pia ni shemeji yangu.

Nakala: Mama Mkwe (asomewe polepole, na akiwa ameshakula).

KUHUSU: OMBI LA KUHAMISHA GEJI YA JOTO LA MOSHI KUTOKA UPANDE WA ABIRIA KWENDA UPANDE WA DEREVA, KABLA DEREVA HAJAGEUKA ABIRIA

Shemeji yangu mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na natumaini kidole chako ulichochoma kwenye ekzosi yetu kimepona. Sisi huku hatujambo. Dada yako hajambo, wapwa zako hawajambo, na pikapu haijambo kuliko wakati wowote tangu tuinunue. Asiye na hali ni mimi peke yangu. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu yangu nikiongea dada yako husikia hata akiwa stoo, na wewe ungecheka kabla sijamaliza. Ndiyo maana nimeona nikuandikie, tena kwa Kiswahili cha ofisini, ili ujue kwamba maji yamenifika shingoni.

Kwanza nikukumbushe tulikotoka. Mimi ni muuza chakula cha kuku. Nabeba magunia kutoka dukani kwetu mpaka kwa wafugaji wa juu mlimani, na kwa jinsi nilivyokuwa nikiupanda mlima ule bila kuinua mguu kwenye mafuta, kijiweni waliniita Mguu wa Chuma. Jina hilo sikujipa, nilipewa. Kisha ikaja siku ile pistoni ikatoboka. Ukaifungua injini, ukaitoa pistoni, ukaiweka mezani, na dada yako akapitisha kidole chake kwenye tundu mara mbili huku akiniangalia mimi. Ukatueleza kwamba turbo inaongeza hewa, mguu wangu unaongeza dizeli, na moshi unaotoka hapo unaweza kupata moto mpaka ukayeyusha chuma, wakati geji ya joto la maji bado imetulia tu. Geji ya maji, ulisema, itakuja kukwambia siku ya mazishi.

Ukasema utafunga geji ya kupima joto la moshi kabla haujaingia kwenye turbo. Nikakubali. Hilo sikatai, na Mama asomewe kwamba sikatai. Lakini waya ulioutoa kwenye ekzosi ulikuwa mfupi. Haukufika upande wangu. Ulifika upande wa abiria, ukakomea hapo, na wewe badala ya kutafuta waya mwingine ukaibandika geji palepale, ukaivalisha na kofia ya plastiki isipigwe na jua, ukaielekeza kwenye kiti cha dada yako. Halafu ukatoa somo la namna ya kuisoma. Mimi wakati huo nilikuwa nimevuka barabara kunywa chai. Niliporudi somo limekwisha, dada yako anatikisa kichwa kama mtu aliyekabidhiwa ofisi.

Siku ile nilicheka. Nikakwambia geji ni geji tu, ikae upande wowote. Nayafuta maneno hayo kwa maandishi, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba mimi, mwenye leseni, siijui hali ya gari langu mpaka niulize. Kwa sababu ya ile kofia, kutoka kwenye kiti changu naona ukingo mweusi tu. Nikijinyoosha nichungulie, dada yako ananiambia nitazame barabara, na kwa bahati mbaya anasema kweli, maana siku moja nusura nimgonge mbuzi wa watu. Kwa hiyo inabidi niulize: inasemaje? Na yeye hajibu papo hapo. Anajiweka sawa kwenye kiti, anainama, anaitazama kama daktari anayesoma picha ya mapafu, ndipo anatamka mia sita na hamsini. Siku nyingine ananiambia "mh" tu. Naomba unisaidie wewe uliyesomea ufundi: "mh" ni nyuzi ngapi?

2. Kwamba mlima wangu nimenyang'anywa. Tukianza tu kupanda, kabla hata injini haijalalamika, nasikia: shuka gia. Nashuka. Toa mguu kidogo. Natoa. Mshale wa geji ukifika mia saba, nasikia jina langu la utotoni, lile ambalo wewe hulijui na hutalijua. Ni kweli kwamba gari linapanda. Sijasema halipandi. Lakini linapanda kwa adabu, Shemeji, kama linakwenda kuposa. Na hapo ndipo anaponipita yule dereva wa kreti za soda tunayemwita Kimbunga, mwenye pikapu kama yetu, turbo kama yetu, na geji hana. Ananipita na wingu lake jeusi, anapiga honi, ananyoosha mkono nje, na mkono ule si wa salamu. Kijiweni sasa naitwa Mguu wa Pamba. Nimezoea kuitikia, na hilo ndilo linaloniuma.

3. Kwamba Kimbunga naye ametoboka pistoni, na nimeonewa hata katika hilo. Aliishia kwenye kona ya mwisho, pale pale nilipokuwa nimepanga siku moja nimpite. Sasa nitampitaje mtu aliyesimama? Ikabidi nimfunge kamba nimshushe, dada yako akinisomea nyuzi kutoka juu mpaka chini. Tulipofika, Kimbunga akaja mpaka dirishani. Hakuja dirisha langu. Alizunguka akaenda la upande wa pili, akamwamkia dada yako kwa heshima, akauliza geji kama hiyo inapatikana wapi. Akapewa somo zima, la hewa, la dizeli, la gia, na la mazishi. Mimi muda wote huo nilikuwa nimeshika kamba.

4. Kwamba nimewekwa kizuizini kwenye lango la nyumba yangu mwenyewe. Hili ndilo kubwa, naomba ukae chini.

Ulimwambia dada yako kwamba tukifika tusizime injini mpaka mshale ushuke chini ya mia mbili, kwa sababu turbo ikizimwa ingali na moto, oili inaungua humo ndani. Sawa. Lakini uliwahi kufikiria watu wawili waliooana zamani watafanya nini ndani ya gari lililosimama? Zamani nilikuwa nikifika nazima, nafungua mlango, naelekea kijiweni, na kuonana tena na mke wangu ni wakati wa kula. Maisha yalikuwa na utaratibu. Sasa tunakaa bega kwa bega, injini inanguruma polepole, na mbele yetu hakuna cha kutazama isipokuwa geti linalohitaji rangi.

Siku ya kwanza tulilitazama geti. Siku ya pili akaniuliza kwa nini simsalimii kaka yangu tangu ule ugomvi wetu wa ukuta wa mpaka. Nikamwambia hiyo ni hadithi ndefu. Akainama, akachungulia kwenye kofia, akasema muda upo. Shemeji, ningefanyaje? Ufunguo ni marufuku kuugusa, na kutoka nikaliacha gari linanguruma peke yake siwezi, mimi si mwendawazimu. Nikasimulia. Nilisimulia mpaka na yale niliyomficha mama yangu mzazi. Jumapili iliyofuata nikajikuta nipo mlangoni kwa kaka nimebeba gunia la chakula cha vifaranga, sijui hata neno la kuanzia, na yeye akalia, na mimi nikasingizia vumbi. Sasa tumepatana. Ananipigia simu kila asubuhi kunieleza habari za kuku wake. Amani yangu ya kutosemeshana naye nani atanirudishia?

Akahamia kwenye kikohozi changu. Nilikuwa nakohoa vizuri tu, bila kumsumbua mtu. Kwa muda wa kusubiri mshale akakihesabu kikohozi, akanipeleka kwa daktari, daktari akasema ni vumbi la pumba, na sasa nafanya kazi stoo nimefunga barakoa. Wateja wapya wananiogopa.

Na kuna jambo la kiufundi ambalo nalileta kwako kama fundi, si kama shemeji. Mshale wenyewe umekuwa mvivu. Mwanzoni ulikuwa ukishuka haraka, tunakaa kidogo, tunazima. Siku hizi haushuki. Tunatoka kupeleka mzigo mwepesi, njia tambarare, tunafika, nauliza, naambiwa bado. Jioni moja hata mlimani hatukwenda, tulikwenda kujaza dizeli hapo karibu tukarudi, na bado naambiwa bado. Nikasubiri. Ndiyo jioni aliyoniambia dada yako kwamba tangu binti yetu mkubwa aende chuoni, yeye hawezi kuingia kile chumba chake. Akalia kidogo. Mimi nilidhani ameshazoea, maana nyumbani anaimba. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayepita mbele ya ule mlango nikikaza mwendo. Hayo yote nisingeyajua kama mshale ungeshuka kwa wakati wake, kwa hiyo naomba uje uangalie kama geji ina hitilafu au turbo inaumwa. Roho yangu haijatulia.

5. Nambari ya tano nimeifuta. Dada yako ameingia dukani kuchukua mizani, akasimama nyuma yangu, akauliza naandika nini. Nikamwambia hesabu ya magunia. Tuendelee.

6. Kwamba geji imeteremka kwenye gari, imeingia ndani ya nyumba. Sasa nasomwa mimi. Nikiinua sauti kwa sababu ya mpira kwenye redio, nasikia kutoka jikoni: mia saba. Wapwa zako nao wameshika. Yule mdogo, ambaye hata baiskeli hajui, ananiambia baba shuka gia. Na kwenye mkutano wa wauza chakula cha mifugo, niliposimama kumkatiza mwenyekiti aliyekuwa akiropoka, nikamwona dada yako kule nyuma ameinua kiganja, anakishusha polepole, polepole. Nikakaa. Kwa kuwa nilikaa kimya mkutano mzima, watu wakaona nina busara, wakaniteua niwe mwenyekiti badala yake. Sikuomba. Sasa wazee wenye magomvi ya mizani wanakuja kwangu niwapatanishe, na mimi nawatazama, nasema "mh", wanaondoka wameridhika.

7. Kwamba hata Mama Mkwe ameingizwa kwenye mambo haya. Alipotutembelea tulimpakia katikati, akauliza hiyo saa mbona haisemi saa ngapi, akaelezwa. Basi tulipofika langoni nikamsikia na yeye anasema bado, na dada yako akaongeza bado yake juu ya bado ya Mama. Mbele ya bado mbili za ukweni mwanamume mwenye adabu atafanya nini? Tulikaa pale nikasimuliwa habari zako zote za utotoni. Kwa heshima ya cheo chako sitaziandika hapa, ila nakufahamisha kwamba ninazo, na kwamba uamuzi wako kuhusu barua hii nitaupokea nikiwa nazo.

Baada ya kueleza hayo, naomba kama ifuatavyo.

Ulete waya mrefu, uing'oe geji pale ilipo, uifunge mbele ya usukani, kofia iangalie kwangu, na somo lirudiwe upya huku mimi nikiwepo na chai nimeshakunywa. Ikiwa waya mrefu haupatikani, basi ufunge geji ya pili kwa dada yako mwenyewe, maana yeye ananisoma mimi wakati mimi sina pa kumsomea. Hasira yake huwa naijua kwa njia ya geji ya maji, yaani mambo yakiwa yameshayeyuka. Na ikiwa hilo nalo unaliogopa, kama ninavyoliogopa mimi, basi uniandikie cheti chenye muhuri wa gereji kwamba turbo ya gari hili inaruhusiwa kuzimwa wakati wowote. Najua ni uongo. Nitakibandika getini.

Kuna aliyenishauri tubadilishane viti, dada yako aendeshe, mimi nisome. Nimekataa, kwa sababu nina hofu ataendesha vizuri.

Usilichukulie ombi hili kwa wepesi, Shemeji. Si suala la chombo. Mtu ameshika usukani tangu ujana wake, anajulikana, anapewa njia, halafu anafika umri huu anaambiwa na mkewe lini ainue mguu na lini ashuke kwenye gari lake. Kijiweni wamenisahau. Juzi nilipita, nikakuta kiti changu amekalia mtu mwingine, na wakaniuliza mbona nimepotea. Ningewajibu nini, kwamba nasubiri mshale? Sitaki gari lingine, na mke mwingine simtaki hata kwa dawa. Nautaka mshale. Nikiuona kwa macho yangu nitajua lini nimekwisha kusubiri, nami nitaheshimika tena.

Nifikishie salamu kwa mkeo na watoto wako wote. Wasalimie mafundi wenzako, msalimie mama lishe wa ng'ambo ya barabara na umwambie chai yake imeniponza. Msalimie na yule paka anayelala ndani ya tairi. Mama Mkwe nampigia magoti kwa maandishi, na nasisitiza kwamba nambari ya saba haikumlenga yeye.

Ni mimi, wako kwa ukoo na kwa oili,

Mguu wa Chuma
(Dereva, kwa mujibu wa leseni)

Nyongeza baada ya sahihi: Shemeji, barua hii ilikuwa bado iko mfukoni mwangu, sijapata mtu wa kumpa aje nayo huko. Leo asubuhi, dada yako akiwa ndani anajitayarisha, niliwasha gari lipate joto, nikafungua boneti nitazame maji. Nikauona waya wa geji. Umekatika. Uliegemea ekzosi, ukaungua, na ncha zake zimejaa masizi na vumbi, tena vumbi la muda mrefu, si la jana wala juzi. Nikazunguka upande wa abiria, nikaingiza kichwa dirishani, nikachungulia ndani ya kofia. Injini inanguruma na mshale umelala chini kabisa. Gari likizimwa huwa unalala hivyo hivyo hata ukiwa mzima, ndiyo maana sikuwahi kushuku kitu.

Basi mia sita na hamsini zote zile zilikuwa za kichwani mwake. Za mlimani nadhani alikuwa akizipata kwa masikio, kwa kuwa pistoni ni nzima na gari halina tatizo. Lakini zile bado za langoni, Shemeji, zile hazikuwa za injini.

Nilisimama nimeshika boneti. Kwanza nilitaka nimwite kwa sauti ambayo ungeisikia mpaka huko gereji. Halafu nikacheka. Halafu kicheko kikaisha nikabaki pale nafuta macho, na safari hii vumbi halikuwepo. Nikaifunga boneti taratibu isilie.

Tukaenda, tukashusha magunia, tukarudi. Langoni sikuugusa ufunguo. Nikamuuliza inasemaje. Akajiweka sawa kwenye kiti, akainama, akautazama ule mshale maiti kwa makini yote, akasema bado, tena naona kama umepanda kidogo. Nikamwambia basi tusubiri, tusije tukaiua turbo ya watu. Tulikaa mpaka watoto wakaja kutugongea dirisha kwa njaa.

Kwa hiyo usije. Usilete waya, mrefu wala mfupi. Kuhusu injini ondoa wasiwasi, mguu wangu siku hizi unainuka wenyewe na yeye masikio anayo. Nakala ya Mama usiipeleke. Na ukionana na dada yako, nakuomba kwa jina la udugu wetu, usimwambie kwamba nilifungua boneti.